Pengo la Bajeti ya Serikali Hulipwa na Nani Kijijini?

Haya ni maneno tuliyozungumza katika mkutano wa pamoja wa vikundi vya kujisaidia vya upande wetu wa Kitui. Vikundi ambavyo havikuweza kufika viliomba yaandikwe, nasi tumeyaandika karibu vile vile tulivyoyasema.

 

Tuliombwa tuzungumze juu ya matangi ya maji ya mvua. Matangi yatangoja. Leo tumeomba ruhusa tuseme juu ya magunia 12 ya mahindi na magunia 4 ya maharagwe, kwa sababu hayo ndiyo yaliyotukosesha usingizi, na kwa vile tunavyosikia, si kikundi chetu peke yake.

Wengi wenu mnatujua. Tulianza kama mwethya, tukichimbiana matuta shambani kwa zamu. Baadaye tukaanza kununua nafaka wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, tukaweka ghalani, tukauza bei ikipanda. Faida ndiyo tunayokopeshana. Ni biashara ndogo, lakini kuna watoto waliosoma kwayo.

Basi mwanzo wa mwaka, shule moja ya upili ya kutwa iliyo karibu nasi (jina tutaliacha) ilituomba magunia hayo kwa chakula cha mchana cha wanafunzi. Malipo mwisho wa muhula. Tukapeleka. Muhula ukaisha, tukaambiwa tungoje kidogo. Muhula wa pili ukaja, nao ukawa unakwenda. Kila tukifika ofisini jibu ni lile lile: "Pesa za serikali bado hazijaingia."

Sasa, sisi tulikuwa tunajua jambo moja. Chakula cha mchana katika shule ya kutwa hakilipwi na serikali, kinalipwa na wazazi. Sisi wenyewe ni wazazi, tulikuwa tumelipa, risiti tunazo. Kwa hivyo tukisikia habari ya pesa za serikali tulikasirika. Tulisema huyu mwalimu mkuu ameuziwa mahindi kwa deni, kisha amekula na pesa. Maneno hayo hatukuyasema kwa siri. Tuliyasema mkutanoni, na wengine wetu waliyasema sokoni.

Katika kikundi chetu kuna mama mmoja ambaye hisa yake katika magunia yale ilikuwa kubwa kuliko ya wengi. Kijana wake alikuwa kidato cha tatu katika shule hiyo hiyo. Pesa za mama zilikuwa zimekwama kwenye magunia, kwa hivyo muhula wa pili hakuweza kulipa pesa za chakula, na kijana akarudishwa nyumbani. Hebu fikirini hapo. Shule ina deni la mama, na mama anaambiwa ana deni la shule! Alikwenda ofisini akasema, "Basi kateni kwa lile deni langu." Akajibiwa ati deni ni la kikundi na pesa za chakula ni za mtoto, hivyo ni vitabu viwili tofauti. Kijana alikaa nyumbani siku 9.

Siku hizo 9 ndizo zilizotufanya tuache kunung'unika sokoni, tukaomba kuonyeshwa vitabu. Tulikwenda watu 4, pamoja na mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi na mwakilishi wa Chama cha Wazazi. Tuliketi toka saa tatu asubuhi hadi saa tisa, na mmoja wetu aliyesomea uhasibu alisoma mstari kwa mstari huku sisi wengine tukishika vidole.

Tulichokiona kilitunyamazisha. Pesa za chakula ziliingia kweli. Kisha zikatoka: kwa stima iliyokuwa karibu kukatwa, kwa mlinzi wa usiku, kwa karatasi za mitihani, kwa kemikali za maabara, kwa walimu 2 walioajiriwa na Bodi kwa sababu shule haikuwa imeletewa wa kutosha. Vingi katika hivyo vilikuwa vilipwe na zile pesa ambazo serikali hutoa kwa kila mwanafunzi. Pesa hizo zilikuja pungufu, tena kwa kuchelewa. Mwalimu mkuu akachukua za chakula akaziba.

Hakupaswa kufanya hivyo. Kila pesa ya shule ina fungu lake, na kuihamisha bila ruhusa ni kosa. Lakini hakuzila. Mahindi yetu yaliliwa na watoto wetu, na pesa za mahindi zikalipa stima. Yaani, tukisema bila kuzunguka, kikundi cha kijiji kilikuwa kimeikopesha Serikali ya Kenya, bila riba, bila karatasi na bila kuulizwa.

Sasa tuseme pesa hizi hutoka wapi na hukwama wapi, kwa sababu mtu asiyejua njia hawezi kujua ng'ombe wake amepotelea wapi.

Mwaka wa 2018 kiwango cha shule ya upili ya kutwa kiliwekwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Sekondari msingi, ile iliyoanza mwaka wa 2023 na Gredi ya 7, iliwekewa shilingi 15,042. Mtoto wa shule ya msingi, shilingi 1,420. Hiyo ya msingi ukiigawa kwa siku za shule unapata kama shilingi 8 hivi kwa siku, na kwa hizo inunuliwe chaki, irekebishwe dawati, ilipwe maji. Hata hizo 22,244 haziingii zote katika akaunti ya shule. Kuna sehemu hubaki juu kwa mambo kama vitabu, ambavyo tangu 2018 serikali imekuwa ikinunua yenyewe na kuvipeleka shuleni. Kwa hivyo msimshtaki mwalimu mkuu kwa shilingi ambazo hazikupangwa kumfikia.

Kwa mihula, utaratibu ni nusu ya pesa muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili na asilimia 20 wa tatu. Huo ndio utaratibu wa karatasi.

Pengo huanzia kwenye chungu chenyewe. Bunge hupitisha pesa kwa jumla, na jumla hiyo ndiyo igawanywe kwa wanafunzi wote. Wanafunzi wakiongezeka na chungu kisiongezeke, kila mmoja anapewa kijiko kidogo zaidi. Mwezi Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliiambia kamati ya elimu ya Bunge la Taifa kwamba Hazina haiwezi kufikisha zile 22,244, na kwamba kinachopatikana ni kama 16,900. Kelele zilikuwa nyingi. Wakubwa wengine serikalini wakatoka kusema elimu ya bure haijaondolewa. Sisi hatukuja hapa kushika upande wa yeyote. Tunaomba tu mtoe hesabu pamoja nasi. 22,244 toa 16,900 inabaki 5,344. Chukua shule ndogo yenye wanafunzi 200: hiyo ni shilingi 1,068,800 kwa mwaka mmoja. Milioni na zaidi, katika shule ambayo ukipita barabarani usipogeuka hutaiona.

Na kiwango chenyewe kimekaa palepale tangu 2018. Nani kati yetu bado ananunua unga kwa bei ya 2018?

Kisha kuna shida nyingine: hata kile chungu kilichopitishwa hakijai. Bajeti ni makadirio. Serikali hukadiria ushuru utakaokusanywa, na usipofika, Hazina hutoa pesa kidogo kidogo kama mama anayepima mafuta ya kupikia mwisho wa mwezi. Na katika kutoa, wako wanaochukua kwanza. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 214, inaliweka deni la taifa moja kwa moja juu ya Mfuko Mkuu wa serikali, kwa hivyo wanaoidai serikali hawapangi foleni na shule zetu. Baada ya hapo ni mishahara. Sehemu kubwa ya pesa za elimu ni mishahara ya walimu kupitia TSC, na sisi hatusemi ipunguzwe. Lakini mwalimu asipolipwa atagoma, na nchi nzima itasikia jioni hiyo hiyo. Chaki haigomi. Mlinzi wa usiku wa shule ya kijijini akigoma, nani atamtangaza? Upungufu ukija huteremka hadi upate mahali pasipo na sauti, na hapo unakaa.

Tena kuna kalenda, ambayo watu wachache huifikiria. Mwaka wa pesa za serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini mwaka wa shule huanza Januari. Muhula wa kwanza, ule unaotaka nusu ya pesa zote, unaangukia katikati ya mwaka wa serikali, wakati Hazina imekwisha kuona kwamba makusanyo yamepungua na imeanza kukatakata kwa bajeti ya nyongeza. Mliona mwaka wa 2024. Mswada wa Fedha uliondolewa mwezi Juni baada ya vijana kuandamana, na matumizi ya serikali yakapunguzwa mara. Hatusemi vijana walikosea, ushuru ule ungetufikia hata sisi hapa. Tunasema tu kwamba pesa zinapokatwa kule juu, hakuna mtu anayekuja kijijini kutuambia ni fungu gani limekatwa. Tunajua siku mtoto anaporudi nyumbani na barua.

Wazee mlio hapa mbele mtatusaidia kukumbuka. Mwaka wa 1974 karo iliondolewa kwa madarasa ya kwanza hadi la nne. Watu walipiga vigelegele, watoto wakajaa, na shule hazikuwa na pesa za kuwapokea. Ndipo zikaja pesa za jengo, na mahali pengi zilikuwa zaidi ya ile karo iliyoondolewa. Mwaka wa 1988 tukaambiwa kuna kugharimia pamoja: serikali ilipe walimu, mzazi anunue vitabu na kujenga darasa. Akina mama wa mabati mnaukumbuka wakati huo vizuri kuliko sisi. Mwaka wa 2003 elimu ya msingi ikawa ya bure tena, watoto shuleni wakatoka kama milioni 5.9 hadi kama milioni 7.2, na kila mtoto akapewa shilingi 1,020: 650 za vitabu na vifaa katika akaunti iliyoitwa SIMBA, na 370 za mambo mengine. Kwa muda ilikwenda vizuri. Kisha yakaanza majina mapya: pesa za mitihani, pesa za motisha, pesa za masomo ya ziada. Jina hubadilika. Shimo ni lile lile, na anayetumwa kulijaza ni yule yule.

Tusieleweke vibaya. Harambee imetujengea shule nyingi, na hatuna haya nayo. Lakini harambee ya zamani tulijua tunajenga nini. Tulihesabu mabati, tukahesabu misumari, mtu akatoa kuku akaandikwa kwamba ametoa kuku. Harambee ya sasa mtu anachangishwa bila kujua kwamba anachanga. Mwenye duka aliyeuza madaftari kwa deni amechanga. Mpishi aliyekosa mshahara miezi mitatu amechanga, tena amechanga kuliko mbunge. Yule mama wa kikundi chetu alichanga kwa magunia yake, kisha akachanga mara ya pili kwa siku 9 za mtoto wake.

Sheria inasemaje? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inakataza karo ya masomo katika shule ya umma. Michango mingine inaweza kuwapo, lakini kwa idhini ya Waziri baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na mtoto hatakataliwa shuleni kwa sababu mchango huo haujalipwa. Na kila pesa itolewe risiti rasmi. Tulimsomea mwalimu mkuu kifungu hicho. Hakubisha. Alisema, "Naijua. Lakini nipeni basi pesa za kuitimiza." Nasi hatukuwa na jibu la haraka.

Tulifanya nini? Kwanza tulimwomba msamaha, mbele ya wazazi, kwa sababu tulimwita mwizi mbele ya watu. Haikuwa rahisi, na wawili wetu walikataa kuja. Naye alikubali kwamba kosa lake lilikuwa kunyamaza. Angetuita mwezi wa pili akasema pesa zimekuja pungufu, tungeamua pamoja tulishe watoto kwa njia gani. Alinyamaza kwa kuogopa wazazi wangefikiri ameshindwa na kazi.

Kisha tukaandika makubaliano. Pesa za chakula zinaandikwa katika kitabu chake peke yake, na Chama cha Wazazi wanakitazama kila mwisho wa mwezi. Kikundi hakitapeleka nafaka ya muhula mwingine kabla ya kulipwa ya muhula uliotangulia angalau nusu. Na mwanachama ambaye shule ina deni lake, mtoto wake hatarudishwa kwa pesa za chakula, zitakatwa humo. Hilo la mwisho lilileta maneno makali kikundini. Wengine walisema: na mtoto ambaye mzazi wake hana hisa kwa kikundi, huyo arudishwe? Ni swali la haki, na hatukulimaliza. Kwa sasa tumeweka gunia moja kando kila muhula kwa watoto wa namna hiyo, majina yanajulikana na mwalimu wa zamu peke yake. Gunia moja halitoshi. Tunajua.

Tulibandika pia hesabu ubaoni, nje, mahali ambapo hata mpita njia anaweza kusoma: shule ilitarajia kiasi gani muhula huu, imepokea kiasi gani, lini, na nini hakikulipwa. Karatasi moja tu. Msidharau karatasi hiyo. Siku ya kwanza wazazi waliisoma wakidhani ni matangazo ya mazishi. Lakini tangu iwekwe, hakuna aliyesema tena sokoni kwamba mwalimu mkuu amekula.

Kuna kazi nyingine ambayo ni ya vikundi kabisa, nayo ni vyeti vya kuzaliwa. Tangu 2017 Wizara ilianza kuhesabu wanafunzi kwa mtambo wa kompyuta, na mtoto asiye na cheti imekuwa shida kumwingiza. Asiyehesabiwa hana pesa zinazomfuata, lakini anakaa darasani, anatumia chaki, anakula. Katika shule yetu ya msingi tulipata watoto 17 wa namna hiyo. Kina mama wawili wa kikundi waliwafuatia mpaka kwa msajili, wakirudi na vumbi hadi magotini, na sasa wamebaki 4. Hapo hatukungoja Hazina.

Na mkilalamika, lalamikeni mahali panapofaa. Mjumbe wa bunge la kaunti mnamsumbua bure juu ya chaki ya shule ya msingi. Kaunti inashughulikia chekechea na vyuo vya ufundi vya kijijini, basi. Shule za msingi na za upili ni za serikali kuu, kwa hivyo ni mbunge. Tena kuna wakati wake. Makadirio ya bajeti hupelekwa Bunge la Taifa kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya kuyapitisha kamati ya bajeti inatakiwa na Katiba kusikiliza maoni ya wananchi. Ukipeleka barua Agosti umechelewa, chungu kimekwisha kupakuliwa. Sisi tuliandika barua yetu, kurasa mbili, tukaambatanisha nakala ya ile karatasi ya ubaoni. Hatukuandika "elimu ni muhimu", hilo wanalijua. Tuliandika shule ilitarajia kiasi gani, ilipokea kiasi gani, na kwamba tofauti yake ilikuwa ni mahindi yetu.

Jibu halijafika. Mbunge alipokuja kwenye mazishi mwezi uliopita alisema barua ameiona.

Mtauliza deni limefika wapi. Tumelipwa magunia 7 ya mahindi na maharagwe yote. Yamebaki 5. Yule kijana alirudi darasani, akakuta wenzake wameendelea sana katika hesabu, na mwalimu mmoja wa Bodi, ambaye naye alikuwa anadai mshahara, amekuwa akikaa naye jioni.

Sasa tunaomba maswali. Yule mama kule nyuma ameinua mkono tangu tulipomtaja mpishi. Karibu, mama, simama tukusikie.